Sifa za Onyo Lisilosikilizwa

Waswahili tumesifu majahazi, minazi, hata tambuu. Onyo la PHP halijapata ubeti mmoja, na hiyo ni dhuluma. Nasema lile linalotoka programu inapodai kitu kisichokuwamo kwenye safu: umeagiza $mteja['simu'], mteja hakuandika simu, basi kwenye kioo panatokea "Warning: Undefined array key", na nyuma yake jina la faili na namba ya mstari.

Tazameni adabu yake. Python katika hali hiyohiyo hurusha kosa, na kama hakuna wa kulidaka, programu inakufa papo hapo. JavaScript hukukabidhi "undefined" na kunyamaza. C ndiyo tusiiseme: hukusomea chochote kilichokaa jirani kwenye kumbukumbu, ndiyo maana mwaka 2014 kasoro ya Heartbleed iliwapa wageni hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi. Onyo letu hukohoa kama mzee anayeingia uani, likakuletea null, na kazi ikaendelea.

Na ukarimu wake! Liachie wazi kwenye tovuti iliyo hewani, litamsomea mgeni njia nzima ya faili ndani ya seva yako. Hupenda kukaa juu kabisa ya ukurasa, mbele ya nembo ya kampuni. Likiingia ndani ya JSON, programu ya simu ya mteja haisomi tena kitu. Likiwahi kabla vichwa vya HTTP havijatumwa, huzaa onyo la pili, la kulalamika kwamba vichwa haviwezi tena kubadilishwa. Hongera, mtoto kafanana na mzazi.

Ukoo huu haukupata cheo kwa urahisi. Hadi PHP 7.3, safu yenye funguo mia ikikosa mmoja ulipewa notisi. Lakini pasipokuwa na safu kabisa, yaani umeidai null au namba 42 ikupe ufunguo, ulipokea null bila hata neno. Aliyepungukiwa alisemwa, fukara akaachwa apite! Toleo la 7.4, Novemba 2019, likamtolea fukara naye notisi. Mwaka mmoja baadaye, toleo la 8.0 likazipandisha zote mbili kuwa onyo kamili. Katika toleo hilohilo, kugawa kwa sifuri kulitolewa kwenye maonyo na kufanywa kosa la kusimamisha kazi. Ufunguo uliokosekana ukaponea hapo.

Wapenda ukali husema uhai huo ni wa bure: data imekosekana, simamisha kila kitu. Wenye msimbo wa miaka kumi na tano hujibu kwamba null ile ndiyo iliyowalisha, na kwamba onyo linawajazia diski tu. Onyo haliwaridhishi hawa wala wale. Kwangu mimi, huo ndio upeo wa haki.

Tunalilipa nini? Tunaliwekea @, alama moja tu, likazibwa mdomo. Wastaarabu hutumia ??, iliyokuja na PHP 7.0 mwaka 2015, wakajiona wamefanya la maana. Mara nyingi wamefanya kweli. Lakini andika $mteja['smiu'] ?? '' kwa haraka ya jioni, herufi mbili zikapishana, na kila mteja atakuwa hana simu mwaka mzima, hakuna atakayekwambia. Yupo mmoja tu ambaye angekutajia hilo kosa, na mstari wake, siku ya kwanza.

Basi, ndugu unayeandika msimbo wa malipo usiku huu: zima display_errors kwenye seva ya wateja, washa log_errors, zifute hizo @, na kesho asubuhi ufungue faili la kumbukumbu ulisome.