Nta Kwenye Bomba la Bibi

Bibi mwenye nyumba huwa hagongi mlango wa mtu. Akiwa na neno na mpangaji, hukaa barazani kwake, akakohoa mara moja, na mhusika akajua anaitwa. Katika miaka sita tuliyopanga kwake hapa Temeke, aligonga mara moja tu, Jumamosi ile. Nilifungua nikamkuta ameshika kanga juu ya vifundo vya miguu, na nyuma yake ua mzima umetapakaa maji ya buluu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Toka uone."

Nyumba yetu ina vyumba saba, bafu moja, sehemu moja ya kufulia, na bomba moja linalobeba maji machafu ya wote hadi shimoni, nyuma ya jiko. Bafu lilikuwa limejaa hadi kizingitini. Kijana wa bodaboda wa chumba cha mwisho alisimama juu ya tofali, taulo shingoni, akisubiri kuoga awahi kijiweni. Mama wa chumba cha tatu alikuwa akiokota kandambili za watoto zilizokuwa zikielea. Hakuna aliyenigombeza. Wote walikuwa wakitazama rangi ya yale maji, na rangi ile ilikuwa yangu.

Natengeneza batiki. Kabla ya batiki nilichora kwa mkaa kwenye kuta za nyumba ya marehemu bibi yangu mzaa mama; nilichapwa, na kesho yake nikachora tena. Nilipoolewa nikawa nadarizi vitambaa vya makochi. Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa mtaani alinifundisha batiki kwa siku tatu, na siku ya tatu akanionyesha nili. Kitambaa hutoka kwenye beseni kikiwa na kijani cha manjano, kama embe linaloanza kuiva. Unakitundika kambani. Hewa inakigusa, na pale pale, macho yako yakiona, buluu inaanza pembeni na kusambaa hadi kukijaza chote. Mwalimu wangu alinieleza kwamba dawa ya haidrosalfaiti huiondolea nili oksijeni ili iyeyuke na kuingia kwenye uzi, na hewa ikiirudisha, rangi inafungwa humo humo. Nilielewa maelezo yake, lakini machozi yalinitoka kwa kile nilichokuwa nimekiona. Tangu siku hiyo nikawa nalala nikiwaza michoro.

Nilianza na vipande vya kuvaa mwenyewe. Wifi akaomba kimoja, akaenda nacho kazini, wenzake watatu wakaagiza. Ndipo ikaja kamati ya harusi ya jirani: walitaka sare, vipande 20 vya mita 3, buluu na nyeupe, mchoro wa majani ya mkorosho, kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi. Wakanilipa nusu. Mtaji uliobaki nikakopa kwenye kikoba chetu, nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Ninunuapo kitambaa huomba uzi mmoja na kiberiti. Uzi wa pamba tupu huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukiwa na poliesta hujikunja ukawa kitone kigumu, na kitambaa hicho nili haikishiki vizuri. Muuzaji wangu ni mzee, na pamba nyeupe isiyo na maua bado anaiita marekani. Jina hilo lilibaki tangu karne ya 19, meli za wafanyabiashara wa Kimarekani zilipokuwa zikishusha majora ya pamba Zanzibar. Nilibeba mita 60 begani nikiwa na furaha, nikihesabu: nauza kila kipande shilingi 18,000, kitambaa 10,500, rangi na dawa 2,500, nta 2,000. Jumla 15,000. Faida 3,000 kila kipande, mara 20, shilingi 60,000. Nilirudia hesabu hiyo njia nzima.

Kazi ilichukua siku nne na kuimeza nyumba yote. Meza ya binti yangu ya kusomea ikawa ya kuchapia. Jiko la mkaa lilikuwa la nta mchana kutwa, tukala mikate na chai kwa chakula cha jioni mara mbili. Ndoo za maji ya kunywa zikawa za kusuuzia. Baba watoto alilala kwenye kochi kwa sababu vipande vilivyochapwa vilikuwa vimetandazwa kitandani, vikisubiri zamu ya rangi. Mpwa wangu, aliyekuja kwetu kujifunza ushonaji, alishika sponji hadi usiku wa manane bila kulalamika. Na sufuria kubwa ya pilau, zawadi ya mama mkwe siku ya harusi yetu, ikawa ya kuchemshia. Yote niliyachukua kama mtu anayechukua chumvi yake jikoni kwake.

Nta ndiyo inayochora batiki: unapoichapa, rangi haipiti, na pale panabaki peupe. Kwa hiyo mwisho wa kazi lazima itoke. Kitambaa hutiwa kwenye maji yanayochemka, nta inayeyuka na kupanda juu, ikaelea kama mafuta ya mchuzi. Ijumaa ile usiku tulichemsha masufuria matano. Saa sita ilikuwa imepita, mkaa umekwisha, na asubuhi kulikuwa na kupiga pasi. Mpwa wangu akaniuliza, "Mama mdogo, haya maji tumwage wapi?"

Nikamwambia, "Mwaga hapo hapo."

Alimwaga kwa sababu nilimtuma. Maji yaliingia bombani yakiwa ya moto, na nta ikiwa majimaji kama maji yenyewe. Huko chini ya ardhi bomba ni la baridi. Nta ikaganda sufuria baada ya sufuria, sisi tukalala.

Fundi bomba alifika saa mbili. Alifungua chemba, akasukuma waya, waya ukagota. Akamwaga birika la maji ya moto. Maji yakashuka kidogo, tukashangilia, kisha yakapanda tena. Alisema tumeisogeza nta mbele tu, imeenda kukaa kwenye kona. Akachimba penye kona, akakata bomba kwa msumeno, akaingiza vidole, akavuta.

Kilichotoka nimekiweka akilini hadi leo. Kilikuwa gogo la nta lenye unene wa mkono wa mtoto, urefu wa kama futi moja, na fundi alipolivunja tuliona pete ndani yake kama za mti. Pete nyeupe, pete ya buluu hafifu, pete ya buluu iliyoiva. Kila sufuria ilikuwa imeacha tabaka lake. Katikati ya pete kulikuwa na punje za wali, nywele, na kipande cha sabuni: maisha ya vyumba vyote saba, yamegandishwa ndani ya nta yangu.

Baba watoto alipeleka vipande kwa bajaji, akachelewa saa moja na nusu. Kamati walipokea na kumalizia malipo. Harusini wamama walipendeza, nilitumiwa picha. Lakini jioni ile nilikuwa barazani kwa Bibi, na wapangaji wote wamekaa mikekani, maana kikohozi chake safari hii kilituita sote.

Niliomba radhi kwa kila chumba kwa zamu yake. Nilisema ni mimi niliyetoa amri na mpwa wangu asilaumiwe. Fundi na kipande kipya cha bomba vilikuwa shilingi 48,000, na nilikuwa nimekwisha kulipa. Nilitegemea Bibi aniambie nikatafute pengine pa kufanyia kazi yangu. Akaniuliza, "Katika zile sare umepata nini?"

"Elfu sitini, Bibi. Kabla ya bomba."

"Lete daftari."

Nilileta. Lilikuwa daftari la michoro: mikorosho, samaki, milango ya Unguja. Hesabu ilikuwa mstari mmoja nyuma ya jalada. Bibi aliuza maandazi miaka 30 na nyumba hii aliijenga kwa maandazi. Akasema, "Mwanangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Haya, tuandike habari."

Binti yangu wa darasa la tano akashika kalamu. Bibi akauliza mkaa wa kipande kimoja ni kiasi gani. Tukagawanya, tukapata 1,000. Maji? Ndoo sita, kila moja shilingi 100, ni 600. Sabuni na umeme wa pasi? 400. Nauli ya Kariakoo na ya kupeleka mzigo? 500. Mtoto akajumlisha: 2,500. Akatoa kwenye 3,000 yangu, akasoma matokeo kwa sauti ya darasani: "Mama, inabaki mia tano."

Mia tano, mara 20, ni shilingi 10,000. Kwa siku nne za mikono yangu, usiku wa mpwa wangu, kochi la mume wangu na vitabu vya binti yangu vilivyokosa meza. Bomba likaniacha na hasara ya 38,000. Na sufuria ilikuwa bado haijahesabiwa. Sufuria iliyoguswa na rangi na dawa za batiki hairudi tena kwenye chakula, hata uisugue namna gani. Nilimpigia mama mkwe usiku huo huo, moyo ukinidunda. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo iache ipike nguo. Wewe uwanunulie wanangu nyingine ya kupikia pilau, na uinunue kwa pesa ya hizo nguo."

Neno hilo la mwisho lilinikaa moyoni. Nimelifikiria sana, na ninaliandika kwa ajili ya kila mwenye mkono wa sanaa anayeanzia jikoni kwake. Tunaambiwa biashara ya nyumbani haina gharama kwa sababu hailipi pango la fremu. Kumbe mkopeshaji wake wa kwanza ni nyumba yenyewe, inayotoa maji, moto, vyombo, usingizi na watoto, na haidai kwa sababu haina kinywa. Sanaa ninayoipenda ilikuwa ikila nyumbani kila siku, nami nikijiita mfanyabiashara.

Huwa namkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyechora hapa hapa Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao. Alianza mwaka 1968 hivi, na mwaka 1972 akafariki. Miaka hiyo michache isingetosha kulifanya jina lake kuwa jina la mtindo mzima. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na vijana waliomzunguka, na kazi ile ikawalisha wao pia. Waliiendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Naamini sanaa hudumu pale wanaoibeba wanapopata fungu lao. Nyumbani kwangu wabebaji walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa na fungu.

Sasa tunafanya hivi. Sufuria ya pilau mpya iko kabatini na ya zamani ina utepe mwekundu mkononi. Dawa tunaitia ndani ya maji, kamwe hatumwagi maji juu ya dawa, kwani kostiki soda iliyomo huruka na kuunguza. Glavu ni lazima, na mtoto haingii. Maji ya kuchemshia yanalala sufuriani usiku kucha. Asubuhi nta imeganda juu kama sahani nyeupe, mpwa wangu anaiinua nzima kwa mikono miwili, na nusu ya nta tuliyonunua imerudi: shilingi 1,000 kwa kila kipande, ile ile niliyokuwa naipeleka bombani. Maji yanachujwa kwa kitambaa, na hayagusi tena bomba la Bibi. Yana shimo lake nyuma ya ukuta.

Kipande ni shilingi 25,000. Vifaa 14,000, kopo la gharama za nyumba 2,500, linalotiwa kabla ya kitu kingine chochote, mpwa wangu 3,000, ambazo anawekea cherehani, mimi 5,500. Wateja wawili waliona bei imepanda wakaondoka. Waliobaki wananitosha siku tatu za wiki, na siku nyingine meza ni ya binti yangu. Deni la kikoba nimelimaliza mwezi wa nne.

Gogo lile la bombani sikulitupa. Nililiyeyusha, nikalichuja mara tatu, wali na nywele vikabaki kwenye kitambaa. Nta yake ilikuwa na buluu kidogo lakini ilishika vizuri. Nikachapa nayo kipande kimoja, mchoro wa mkeka, nikakitia nili, nikakikunja, nikampelekea Bibi barazani kwa mikono miwili.

Alikifungua, akakishika juu ya mwanga, akapitisha kidole kwenye mistari. Kisha akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa noti, akahesabu 25,000.

"Bibi, hii nimekuletea."

"Umeniletea, nimeona," akasema, akiniwekea pesa kiganjani na kukifunga kwa mkono wake. "Mimi kwako napokea kodi. Na wewe pokea bei. Nenda ukaandike."

Nikaenda kuandika.