Sifa za Seva ya Dola Tano

Harusi zina waimbaji wake, wagombea ubunge wana machawa wao, na hata daladala bovu hupata mtu wa kuliandikia sifa kwenye kioo cha nyuma. Seva ya kukodi, ile ndogo ya Linux ya dola tano kwa mwezi, haijapata hata mpiga tarumbeta mmoja. Si haki. Haiwezekani mtu alipe pesa kiduchu namna hiyo, apate mateso yaliyopangika vizuri namna hiyo, halafu asitokee wa kushukuru.

Kwanza tuisifu kwa ukubwa wake. Kijiweni unatamba kwamba una seva Frankfurt. Huko Frankfurt kuna kompyuta moja kubwa kwenye rafu, imegawanywa vipande, nawe umepewa kipande: prosesa moja na RAM ya gigabaiti moja. Simu ya mwanafunzi wa sekondari inakuzidi. Ufundi wa kuigawa kompyuta ni wa zamani, IBM walikuwa nao tangu miaka ya 1960, enzi za kompyuta za kujaza chumba. Makabwela tulifikiwa baadaye sana, hasa baada ya KVM, programu ya kuigawa kompyuta hivyo, kuingizwa ndani ya Linux yenyewe Februari 2007. Mwezi uliofuata M-Pesa ikazinduliwa Kenya. Waliobuni hili hawakuwa na habari na waliobuni lile, lakini leo mtu anajaza hela kwenye simu, anatengeneza kadi ya Visa isiyoshikika, anakodi kompyuta isiyoshikika, na pesa iliyokatwa ndiyo peke yake iliyokuwa ya kweli.

Maisha ndani ya kipande hicho ni ya chumba cha kupanga uswahilini. Ukuta upo, ila jirani akikaanga samaki nawe unanusa. Mwenye seva anajua kwamba wapangaji wote hawatumii prosesa kwa wakati mmoja, kwa hiyo anauza zaidi ya alichonacho. Siku jirani akiamua kusaga video zake, tovuti yako inatambaa. Lakini tazama uungwana: andika amri ya top, angalia mstari wa prosesa, mwishoni kabisa utaona herufi mbili, st. Hapo panaandikwa asilimia ya muda ambao ulikuwa na kazi ya kufanya, prosesa ikawa inamhudumia mwingine. Kuna mwenye nyumba gani mwingine aliyewahi kukufungia mita ya kuonyesha anavyokupunja?

Na asidhani mtu kwamba Linux iliyomo humo ndani ni mhanga tu. Nayo ina mchezo huohuo. Kwa desturi yake huziahidi programu RAM kuliko iliyopo, ikitumaini kwamba zote hazitakuja kudai siku moja. Mwenye seva kaahidi asichonacho, Linux nayo inaahidi juu ya ahadi. Programu zote zikija kudai kwa pamoja, keneli, yaani kiini cha Linux, haiitishi kikao. Inapima nani kala RAM nyingi zaidi, inamnyonga, kisha inaandika kwenye logi: Killed, pamoja na namba na jina la marehemu. Kwenye seva ndogo yenye tovuti ya WordPress, marehemu mara nyingi ni MySQL, yaani hifadhidata yenyewe, na wateja wako wanabaki wakitazama ukurasa mmoja unaosema hifadhidata haipatikani. Wako wanaouita huo udhaifu. Mimi nauita utawala bora: aliyekula zaidi anawajibishwa wa kwanza, papo hapo, bila tume. Sijui ofisi ngapi zina utaratibu huo.

Ukarimu je? Anwani yako ya IP hujampa mtu, hata mama yako hajui kama unayo, lakini saa chache hazipiti, pengine ni dakika tu, watu wameshaanza kupiga hodi mlango namba 22. Ni roboti. Zinajaribu kuingia kwa jina la root, zikikataliwa zinajaribu admin, kisha test, kisha ubuntu, kisha oracle, zinarudia usiku kucha na nenosiri jipya kila mara. Asubuhi ukifungua logi unakuta mistari maelfu. Wasanii wananunua wafuasi kwa pesa. Wewe umeletewa bure, tena wasiokata tamaa. Na mlango wenyewe, SSH, ulizaliwa na wizi: mwaka 1995 Mfini Tatu Ylönen aliutengeneza baada ya wezi kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo chake.

Subira nayo inafundishwa humo. Afrika Mashariki iliishi kwa satelaiti hadi 2009, kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa na Dar es Salaam, na tangu hapo tunajiona tuna kasi. Kaa sasa mbele ya skrini nyeusi ukiwa Dar, ubonyeze herufi moja. Kwa kawaida inapanda Bahari ya Shamu, inavuka Misri, inafika Ujerumani, inarudi, ndipo unaiona. Ni milisekunde 150 au zaidi kwa kila herufi. Ukikosea herufi, kufuta ni safari nyingine.

Huduma kwa wateja ninaipongeza kwa ufupi: seva inawaka, mengine ni juu yako.

Na kweli ni juu yako. Humo ndani wewe ni root, na hakuna mtumishi mtiifu kama huyo duniani. Ukimwambia afute folda nzima ya tovuti ya mteja, anafuta. Haulizi kama una uhakika, na pipa la taka la kwenda kupekua hana. Vyuo vyetu vinatoa vyeti vya mitandao kwa watu ambao hawajawahi kupewa mamlaka hata ya kuharibu kitu, lakini seva hii inampa kijana wa Mbeya au Kisumu mamlaka yote kwa bei ya chee na kumwacha peke yake saa tisa usiku, MySQL imekufa, mteja anapiga simu. Akitoka hapo anajua swap, ile sehemu ya diski inayoazima kazi ya RAM, ni nini bila kuisomea. Ukinitaka nichague wa kumwajiri kati ya huyo na mwenye cheti, sitachukua muda.

Kama nimekushawishi, lipia mwezi mmoja tu na ukatae punguzo la mwaka mzima, kwa sababu jirani uliyepangiwa humjui bado. Siku hiyohiyo weka ufunguo wa SSH na uzime kuingia kwa nenosiri. Nakala za data zako ziweke kwingine, siyo humohumo.