Jinsi ya Kuuibia Mlima Ukiwa na Kilo Hamsini

Kama una kilo hamsini na kitu na umeamua kununua baiskeli ya mbio ya kaboni, sogea karibu. Ujanja mkubwa umezaliwa nao. Marco Pantani alikuwa na kilo 57 hivi, na mwaka 1998 alizoa Giro d'Italia na Tour de France kwa msimu mmoja. Kilichobaki ni kuchagua chombo kisichokunyang'anya ulichopewa bure, na upendeze ukiwa juu yake. Kupendeza kuna kazi yake: baiskeli unayoionea fahari ndiyo utakayoitoa nje alfajiri.

1. Piga hesabu inayokupendelea. Mlimani, miguu yako inabeba mwili na baiskeli pamoja. Wewe wa kilo 50 juu ya baiskeli ya kilo 8, ukipunguza kilo moja, mwinuko mkali wa nusu saa unakurudishia karibu nusu dakika. Jitu la kilo 90 likipunguza kilo hiyohiyo linaambulia sekunde 18 hivi. Lakini usikimbilie dukani bado. Kilo moja ni lita moja ya maji. Panda na chupa moja, nyingine jaza kileleni. Umeokoa robo tatu ya kilo bila kutoa senti.

2. Nunua fremu ya daraja la pili. Kampuni nyingi hutoa umbo lilelile kwa madaraja mawili au matatu ya kaboni. Ya bei ya juu huwa nyepesi kwa gramu mia moja au mbili hivi, na mara nyingi ni ngumu zaidi ili mwenye mapaja ya nguvu asiipinde. Wewe huhitaji ugumu huo, na barabara mbovu itakukumbusha hilo mgongoni. Chukua ya kati, kwa rangi inayokuingia moyoni. Watu watasoma jina ubavuni, gramu hazisomeki. Tena UCI, shirikisho la baiskeli duniani, limezuia mashindanoni baiskeli yoyote iliyo chini ya kilo 6.8 tangu mwaka 2000, kwa mwepesi na mzito sawasawa. Huo ni uonevu, na nausema wazi. Kama hushindani, ushuke chini ya hapo upendavyo. Barabarani hakuna mwenye mizani.

3. Magurudumu ndiyo yenye mtego. Najua unayataka yale yenye rimu pana ubavuni, yanayonguruma yakipita. Yanapendeza kweli. Lakini upepo wa ubavuni ukilipiga gurudumu la mbele, usukani unageuka wenyewe, na mtu mwepesi hana uzito wa kuutuliza. Wanaopanda milima ya Ngong wanalijua hili: ile mitambo mirefu ya umeme wa upepo haikusimikwa pale kwa urembo. Basi fanya hivi. Gurudumu la nyuma weka rimu ya milimita 50, upate ngurumo na picha. La mbele weka milimita 30 au 35. La nyuma halina neno na usukani, kwa hiyo umepata sura bila kulipa kwa mifupa.

4. Usijaze tairi upepo kama la mwenzako. Weka tairi za milimita 28 na uanzie psi 60, kisha ushuke kidogo kidogo. Mwepesi anayejaza 100 anarukaruka kwenye kila kokoto, na kila mruko unakula mwendo. Gia nazo zisikutie aibu: meno 34 mbele, 34 nyuma. Wakati mwenye gia nzito amesimama anakanyaga huku anahema, wewe umekaa unazungusha.

5. Ukinunua mtumba, njoo na sarafu. Hapa nakusihi usione haya, hata muuzaji akikunja uso. Geuza baiskeli magurudumu juu, kisha gonga fremu taratibu kwa ukingo wa sarafu, kuanzia kichwani kwenda kwenye mhimili wa pedali. Kaboni nzima hulia kavu, tik, tik, tik. Penye ufa au pengo sauti inazama, inakuwa butu. Rudi pale ugonge tena, kisha linganisha na upande wa pili. Angalia kwa makini pale bomba la kiti linapobanwa: fundi aliyezoea chuma hukaza kwa nguvu zake zote, na kaboni hupasuka kimyakimya. Kikomo cha nguvu kimeandikwa palepale, mara nyingi Nm 5. Ukiona rangi mpya sehemu moja tu, shukuru kwa chai uliyopewa, uondoke.

6. Chagua na bonge wa kuongozana naye. Njia ya tambarare haijali wepesi wako. Pale adui ni hewa, na mwenye mwili mkubwa ana nguvu zaidi za kuipasua. Jifiche nyuma ya mgongo wake, nusu mita kutoka tairi lake, vidole juu ya breki. Msifu kwa mwendo wake, maana anastahili. Barabara ikianza kuinuka, toka kivulini, mwambie asante, mpite, kisha umsubiri juu na chupa yake ya maji ikiwa imeshajazwa.