Kabalagala Yaomba Kuulizwa Kabla ya Mafuta Kuchemka

Kwa Wizara ya Mambo ya Nje, Kampala.

Wakazi wa mtaa wa Kabalagala wanaiandikia Wizara kwa Kiswahili makusudi: ndiyo lugha ya jeshi la Uganda, na siku hizi mambo ya nje yanaelekea kuanzia huko.

Tarehe 11 Machi 2025 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, alitangaza kwenye mtandao wa X kwamba makomando wa Uganda wameshaingia Juba. Sudan Kusini, mwenye nyumba, ikakana kuwa ina wageni. Bunge letu likaombwa idhini, likaitoa tarehe 20, wageni wameshavua viatu sebuleni. Desemba 2013 ilikuwa hivyo hivyo: askari walitangulia, wabunge wakafuata Januari.

Utaratibu huu unawatatiza wakaanga vitumbua vya ndizi vyenye jina la mtaa wenyewe. Anayekaanga kabalagala kando ya barabara ya Ggaba huponda kwanza ndizi mbivu, akatia unga wa muhogo, akakanda mpaka donge likashikamana, ndipo akabandika mafuta. Hajasikika akiwaita wateja waidhinishe walichokwisha kula.

Oktoba 2022 jenerali huyo huyo aliandika kwamba Nairobi ingetekwa ndani ya wiki mbili. Rais Museveni akawaomba Wakenya radhi, na wiki hiyo hiyo mwandishi akapandishwa cheo. Wizara iliulizwa, au nayo ilisoma kwenye simu kama watu wa boda boda?

Mtaa haudai umbea. Unadai risiti ya safari hizi za askari. Kuhusu kupeleka askari Somalia, Bunge liliulizwa mapema, Februari 2007, haki yake lipewe. Lakini usiku wa 11 Julai 2010, watu wameelekeza viti kwenye skrini kwenye mkahawa wa Ethiopian Village hapa hapa mtaani, Hispania ikicheza fainali ya Kombe la Dunia na Uholanzi, bomu likalipuka. Mengine yakafuata kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya 70 walikufa. Wanamgambo wa Al-Shabaab wa Somalia wakasema ni malipo ya askari wa Uganda walioko Mogadishu. Deni la askari wetu kule Kongo liliamriwa lilipwe kwa fedha: dola milioni 325, kwa hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Februari 2022.

Kwa hiyo wakazi wanaomba kwamba safari ijayo Bunge liitwe askari wakiwa bado Entebbe. Ikishindikana, Wizara iwajulishe akaunti ya kufuata, maana ile ya jenerali huzimwa, ikarudi.