Yah: Maombi ya kukatwa asilimia 15 ya kila kitu

Waheshimiwa wa Bodi ya Mikopo mnaotudai,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mnufaika wenu, mhitimu wa shahada ya ustawi wa jamii. Jina langu silitaji kwa kuwa mnalo tayari, pamoja na namba ya simu na ya kitambulisho cha taifa. Na siku mkiamua kulitoa gazetini kati ya wadaiwa sugu wenzangu, hamtahitaji msaada wangu wa tahajia.

Naandika hati ya mshahara ikiwa mbele yangu. Mshahara ni shilingi 600,000, wa mradi wa mwaka mmoja katika asasi ambayo nayo siitaji. Mfuko wa hifadhi ya jamii umechukua 60,000, kodi 24,000, nanyi 90,000. Zinabaki 426,000 za chumba, nauli, chakula, na ada ya mdogo wangu, ambaye Mungu akijalia naye atakuja kuwa mnufaika wenu. Deni la milioni 10 likilipwa 90,000 kwa mwezi linaisha mwezi wa 112. Mkataba wangu una miezi 12. Hapo nawaachia ninyi, ndio wataalamu wa hesabu.

Deni silikatai. Boom, ile pesa yenu ya kujikimu, nilisaini, nikala, nikasoma. Hoja yangu ni kwamba mnajipunja. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipopandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15, yalitazama mshahara wa msingi peke yake. Mtu wa ustawi wa jamii halipwi mshahara tu, waheshimiwa. Sehemu kubwa ya ujira wake inapita pembeni, na yote hiyo hamjawahi kuikata hata kidogo. Naomba muikate.

Tuanze na kuku. Kuna bibi analea wajukuu yatima, na mambo yao yakinyooka huja na kuku wa kienyeji chini ya kwapa, na kumkataa ni kumvunjia heshima. Asilimia 15 ya kuku, kwa makadirio ya jikoni kwangu, ni paja moja na kipande cha mgongo. Nitavileta vikiwa vibichi au vimechemshwa, kadiri mtakavyoelekeza, mradi nipewe namba ya kumbukumbu ya malipo.

Kuna pia “Mungu atakulipa”. Huu ndio ujira wetu wa kawaida, hutoka kwa mteja, kwa mwajiri, na hata kwa mgeni rasmi kwenye semina. Katika kila ishirini, tatu ni zenu. Nitazituma mwisho wa mwezi, kila moja na jina la aliyeitamka, msije mkadhani nimeghushi. Mkihofia zitashuka thamani, irudisheni ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Najua Rais aliifuta siku ya Mei Mosi 2021, lakini nadhani dua hazikutajwa. Vyeti vya shukrani nitavikata kwa mkasi, kuanzia kona yenye sahihi.

Ila mapato nono kabisa ni simu za usiku. Hapa ndipo Bodi itakapotajirika. Katika simu ishirini, tatu ataziamkia ofisa wenu. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litampigia saa nane usiku kwamba kichanga kimeokotwa stendi, kimefungwa kanga iliyolowa. Atatafuta bodaboda. Atagonga duka la dawa mpaka mwenyewe aamke, anunue maziwa ya kopo kwa pesa ya mfukoni, kwa sababu fungu la maziwa “litafuatiliwa”. Atakaa hospitali akikipakata hadi kipatiwe kitanda, ajaze fomu, aanze kutafuta ndugu, na saa mbili asubuhi awe mezani kwake amechana nywele. Lile kopo moja nililonunua mimi lilikuwa nauli yangu ya wiki nzima. Hakuna aliyenirudishia. Nilitembea kwa miguu, na mwisho wa mwezi mlikata 90,000 zenu kamili bila kupungua hata senti.

Samahanini, nilikuwa kwenye maombi.

Kabla ya mradi huu nilikuwa najitolea hospitali, kama wanavyojitolea wengi wetu huku tukisubiri ajira. Nilimsaidia afisa ustawi kukaa na wagonjwa walioshindwa bili. Tuliwauliza wanaishi na nani, wanakula mara ngapi, nani anaingiza chochote nyumbani, kisha tukapendekeza msamaha au tukakataa. Kumbe nchi hii inajua kupima uwezo wa mtu kulipa, na imetusomesha kazi hiyo kwa mkopo wenu.

Nanyi mnajua. Nilipoomba mkopo mlitaka cheti cha kifo cha baba, kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA. Mlitaka sahihi ya mwenyekiti wa mtaa na muhuri wa hakimu. Mlinipima umaskini kama fundi cherehani, bega kwa bega, mpaka kiuno. Kutoa mlipima. Kuchukua hampimi mtu. Mwenye mshahara wa milioni 4 mnamkata 600,000, yaani mshahara wangu mzima, na bado anaweka mafuta kwenye gari. Mimi mnanikata asilimia hiyo hiyo na nachagua kati ya mchele na nauli. Msiuite huu usawa. Ni uvivu, na uvivu huu unatugharimu sisi tu.

Narudi kwenye heshima. Nina maombi mengine madogo. Mkichapa majina yetu, wekeni na mshahara wa kila mmoja pembeni. Meseji ya kudai isitangulie ya benki. Na anayetuambia tujiajiri atuelekeze yatima nimtoze shilingi ngapi kwa kikao cha ushauri. Kazi za miradi nazo hazidumu: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wenzangu wa miradi ya watoto walirudi nyumbani na vitambulisho shingoni, na madeni yao yakabaki pale pale.

Sasa bila utani. Wekeni kiwango cha mshahara ambacho chini yake mtu hakatwi, kama wanavyofanya Uingereza, na juu yake makato yapande kadiri mshahara unavyopanda. Msiseme haiwezekani. Asilimia 8 iliwezekana kuwa 15, na asilimia 6 iliwezekana kufutwa. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kila mwaka kuanzia Aprili. Naomba safari hii mwende na hoja hiyo mkononi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mnufaika