Inchi Ishirini na Tatu

Jumatano

Mke wangu amekwenda Malindi, harusini kwa binamuye. Atarudi Jumamosi. Ameniachia bwana mdogo wa miezi 17, sufuria ya mbaazi, na maagizo mengi ambayo aliyatoa akiwa tayari ngazini, buibui limenasa msumarini. Nilisikia kama theluthi. Nilisema "sawa" kwa yote.

Mahamri niliyoyapasha moto yameungua upande mmoja. Mtoto amekula upande wa pili na kunirudishia huu wa kwangu.

Ana neno jipya, la pekee baada ya "mama". Makanga wa matatu huita "Feri! Feri!" chini ya dirisha letu tangu alfajiri, kwa hivyo maji ni feri, paka ni feri, na mimi babake ni feri.

Kanzu mbili zinatakiwa kabla ya swala ya Ijumaa.

Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi

Ameanguka kutoka kitandani. Nilikuwa nimegeuka kuchukua chaki. Mlio wenyewe ulikuwa kama dafu likiwekwa mezani na mtu asiye na adabu. Kikapita kimya kifupi ambacho sikukipenda, kisha kilio kilichomfanya makanga anyamaze. Wakazi wa Mwembe Tayari wanajua hilo si jambo la kila siku.

Saa tatu u nusu

Nundu iko kwenye komo, juu ya jicho la kushoto. Ukubwa wake ni kunazi. Nimepima kitanda: toka godoro hadi sakafu ni inchi 23. Sakafu ni saruji, juu yake mkeka, juu ya mkeka kitambaa cha kanzu ya mteja. Sijui kwa nini nimepima. Fundi akipatwa na jambo hupima.

Saa nne

Nyanya wa chini amepanda na kikombe cha samli. Siku nyingine hupanda ngazi zile kwa kupumzika mara tatu. Leo amepanda mfululizo.

"Hii ni ndimu," akasema.

Nikamwambia ni kunazi.

"Mimi nimezaa saba. Hii ni ndimu. Na usimlaze! Mwana akilala na nundu hivi, yuwapotea."

Amemkanda samli hadi komo likang'ara kama sinia ya Idi. Mtoto amelamba iliyoteremka.

Saa nne u nusu

Nimemtumia ujumbe mpwa wangu anayesomea uuguzi. Amejibu kwa sauti, dakika nne nzima, huku nyuma mtu akiosha vyombo.

Anasema upo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, wa watoto 42,412 walioletwa idara za dharura 25 huko Amerika Kaskazini baada ya kugonga kichwa. Ndio wanaoutumia madaktari kujua nani wa kupigwa picha ya kichwa na nani wa kurudishwa kwao. Kwa mtoto asiyetimiza miaka 2 huuliza: alizimia, hata kwa sekunde tano? Nundu iko wapi? Ya usoni mbele haiwatishi kama ya kisogoni au ya ubavuni mwa kichwa. Kuna mahali fuvu limebonyea? Alianguka zaidi ya futi 3?

Futi 3 ni inchi 36. Nimebakiwa na inchi 13. Katika ushonaji, hiyo ni mfuko mzima na pindo lake.

"Na la mwisho, Ami: je, yuko kama kawaida yake? Hilo huulizwa mzazi, maana ndiye anayejua."

Nimemtazama. Alikuwa akitupa ndara zangu dirishani, moja moja, akisubiri kusikia inavyoanguka kabla ya kutupa nyingine. Nimeandika: kawaida.

Akaongeza kuwa samli haina kazi. Niweke barafu ndani ya kitambaa, dakika kama kumi, kisha nitoe.

Saa tano

Stima ilipotea alfajiri. Barafu yote iliyoko kwenye ghorofa hii ni ya mama wa mlango wa pili, auzaye barafu za ubuyu kwa shilingi kumi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini barafu zake hazijapata habari. Nimenunua mbili, nikazifunga kwa leso ya mke wangu, nikaiweka moja juu ya nundu. Nundu imefaidi barafu hiyo kwa muda wa kuhesabu mpaka sita. Kisha bwana mdogo akagundua ni chakula.

Ya pili ameidai mwenyewe.

Leso sasa ina doa jekundu. Lile jina lililoandikwa halisomeki tena, na ni leso ya harusi yetu.

Saa tano u nusu

Mama mkwe amepiga simu kutoka Kibokoni. Amesikia mtoto ameanguka kutoka mezani. Nimemweleza ni kitanda, inchi 23. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuuliza inchi."

Saa sita kasoro dakika kumi

Dada yangu amepiga kutoka Muscat. Huko mtoto ameanguka ngazini, na nundu imekuwa chungwa.

Saa sita na dakika tano

Ametapika. Nyekundu.

Nyanya wa chini amepiga ukemi. Mimi sikupiga, ila nimegundua baadaye kwamba nilishuka ngazi nikiwa na mtoto mkono mmoja na mkasi wa kitambaa mkono wa pili. Dereva wa tuktuk aliutazama ule mkasi, akataja nauli ya haki bila ya kubishana.

Tulikwama Barabara ya Jomo Kenyatta, kando ya zile sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Dereva akasema yeye mwenyewe alianguka mnazini akiwa mdogo, tena hakupelekwa popote, na hana tatizo lolote. Alisema hivyo akiwa amegeuka kunitazama mimi, tuktuk ikiwa inatembea.

Saa sita na dakika arubaini, kliniki

Daktari ni kijana, ana mpira wa masikio shingoni na kalamu ya mtu mwingine.

"Ametapika mara ngapi?"

"Mara moja."

"Rangi?"

"Nyekundu."

Kalamu ikasimama. "Alikula nini kabla?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yapo majibu ambayo mtu angependa ayatoe kwa sauti ndogo. "Barafu ya ubuyu," nikasema. "Mbili."

Akaandika. Nadhani aliandika "mbili" kwa herufi kubwa.

Akammulika mboni, zikasinyaa sawasawa. Akampapasa kichwa kizima kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu atafutaye sindano kwenye godoro, akafika utosini, akashuka kisogoni. Vidole vikatoka na samli. Hakuuliza. Akachungulia masikio na pua kama vinatoka maji meupe. Havikutoka. Mtoto akamshika ule mpira, akamwambia, "Feri."

"Husema hivyo siku zote?"

"Tangu Jumatatu."

Kisha mtoto akalaza kichwa begani kwangu, macho yakaanza kuzama. Nikahisi tumbo linashuka. Nikamtikisa. Akafumbua, akafumba.

"Mchana huwa analala saa ngapi?" daktari akauliza.

Najua shingo ya imamu wetu ni inchi ngapi. Najua wateja wanaoficha kitambi wakipimwa na nimewaachia nafasi bila kuwaambia. Kulala kwa mwanangu sikujua. Mchana mimi huwa kwenye cherehani, na yeye huwa "yuko na mamake".

Nikampigia mke wangu. Nyuma kulikuwa na ngoma na vigelegele.

"Mtoto hulala saa ngapi mchana?"

"Saa saba. Ikifika saa sita u nusu huanza kuvuta shikio la kulia, ujue tayari. Nilikwambia nikiwa ngazini. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nauliza tu."

Nikamtazama. Kidole gumba mdomoni, mkono mwingine umeshika sikio la kulia na kulivuta chini, polepole, kama mtu anayejaribu uzi kama umekaza. Daktari akatazama saa ya ukutani, akaandika, akaifunga kalamu.

Picha ya kichwa hakuitaka. Alisema ile mashine hutumia mionzi, na mtoto hapigwi mionzi ili babake atulie moyo. Kulala alale. Nimwamshe mara mojamoja nione kama anaamka vizuri. Akitapika tena na tena, akiwa haamki, akishikwa na degedege, akitembea kombo au akilia bila kunyamazika, nirudi saa hiyohiyo bila kumpigia mtu simu kwanza. Dawa ni paracetamol ya maji, kwa uzito wake. Barafu, akasema, iwe ya maji matupu.

Usiku

Nimetega kengele ya simu kila baada ya saa mbili. Saa nne nimemwamsha, akasema "Feri" kwa uchungu. Saa sita nimemmulika, akanipiga kofi. Macho yalikuwa mazuri na kofi pia. Saa nane sikuisikia kengele. Alfajiri nimezindukana nikikuta kidole ndani ya jicho langu. Alikuwa amenikalia kifuani, ananifumbua ukope.

Ijumaa

Nundu imeshuka na kuwa ya kijani pembeni. Kanzu ya kwanza imetoka vizuri. Ya pili, ambayo niliimalizia jana jioni, mkono wa kushoto umepungua inchi mbili. Mteja ameivaa, akanyoosha mikono mbele ya kioo, akauliza huu mfupi ni wa kulia biriani au vipi. Nikamwambia wa kulia biriani ni wa kulia. Hajalipa.

Jumamosi

Amerudi na halua na sanduku la nguo. Mamake alikuwa amemwambia yote tangu Alhamisi saa tano na robo, kabla hata ya kunipigia mimi. Kwa hivyo nilipomuuliza saa ya kulala, alijua kuna nini. Hakusema. Alitaka kusikia nitasemaje.

Nundu ameitazama kwa muda wa kuvua buibui. Leso ameitazama zaidi. Mbaazi zimechacha.

Jioni amekuwa akitafuta bei ya kitambaa kwenye daftari langu la vipimo, akafika ukurasa wa Alhamisi. Chini ya mteja wa kanzu fupi niliandika: Saa 7. Huanza 6½. Shikio la kulia.

"Huyu mteja ni yupi? Mbona hana urefu?"

Nimeleta tepu. Tumemsimamisha mlangoni, yeye kamshika miguu. Inchi 31 na nusu, nundu haimo.