Sifa za Feni ya Chini ya Boneti

Turbo ina washabiki wa kutosha. Wanaisifu kwa mlio wake, kwa namna gari linavyokurupuka ukikanyaga mafuta, hata kwa stika yake inayobandikwa nyuma ya buti. Lakini nani amewahi kukaa kitako akaisifu ile feni ndogo ya umeme, ya volti 12, inayochomekwa kwenye bomba la hewa la Toyota IST na kupewa jina la heshima, "turbo ya umeme"? Mafundi wakubwa huicheka. Wahandisi hawaitaji kabisa. Mimi nasema wote hao wamekosa adabu.

Tuanze na ukoo wake, maana dharau nyingi hutokana na kutojua mtu katoka wapi. Feni nyingi za aina hii ni ndugu wa damu wa zile za kwenye boti, zinazofungwa chini ya sitaha kutoa mvuke wa petroli usije ukalipuka nahodha anapowasha injini. Ni kazi inayookoa roho za watu. Kama leo imejikuta kwenye foleni ya Mbagala, hilo ni suala la ajira na si la tabia.

Wenye wivu hupenda kuleta hesabu. Na waje nazo. Feni yetu haiogopi hesabu, kwa kuwa haizijui. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hunywa karibu lita 4,500 za hewa kila dakika, kwa sababu kila silinda huvuta mara moja katika mizunguko miwili. Kwenye boksi la feni utakuta tarakimu kubwa kuliko hiyo, wakati mwingine inafika lita 7,000, na wala si uongo. Feni hutoa hewa hiyo ikipuliza kwenye uwazi, bila kitu mbele yake. Shida ni kwamba injini ina hewa ya bure tayari, inaivuta yenyewe. Inachokosa ni mtu wa kuishindilia. Ukitaka kuongeza presha kwa nusu ya ile ya hewa ya kawaida, utahitaji kama kilowati 7. Kwa umeme wa volti 12 hizo ni ampea karibu 600, na alteneta ya gari dogo hutoa 80 au 100 ikijitahidi. Feni yetu inaomba ampea 5. Wati 60, sawa na taa moja ya mbele. Nionyesheni mfanyakazi mwingine anayeahidi kazi ya wati 7,000 kwa mshahara wa 60.

Audi walipotaka kulifanya jambo hili kwa dhati, kwenye SQ7 ya dizeli ya mwaka 2016, ilibidi waweke mfumo mzima wa umeme wa volti 48, na kishindilia hewa kinachozunguka hadi mara 70,000 kwa dakika. Na hata hicho, pamoja na makuu yote hayo, hufanya kazi kwa vipindi tu, kikizisaidia turbo mbili za kawaida mpaka zishike kasi. Feni yetu huzunguka kutwa, kwenye foleni na nje ya foleni, bila kulalamika na bila kuongeza kitu.

Hapo ndipo ulipo utukufu wake. Alfred Büchi wa Uswisi alipopata hataza yake mwaka 1905, alifungua njia ya kutumia moshi wa ekzosi kushindilia hewa ndani ya injini. Sawa, ni akili nyingi, lakini tangu hapo watu wanalia. Turbo inataka oili safi na kwa wakati. Hewa iliyoshindiliwa inapata joto, kwa hiyo inataka rejeta yake. Ukiifunga kwenye injini ambayo haikuundwa kwa ajili yake, bila kurekebisha mafuta, pistoni zinatoboka, gasketi ya silinda hedi inaondoka, injini inanoki na mwenye gari anaanza kuulizia daladala. Feni haina madhambi hayo. Haiwezi kuipa injini presha inayoweza kuiua.

Wanasema pia kwamba injini ikikolea kasi huvuta hewa haraka kuliko mapanga ya feni yanavyoisukuma, hivyo mapanga yanageuka kizuizi ndani ya bomba na gari linapungua nguvu. Ni kweli. Mimi huo nauita mchango wa hiari kwa usalama barabarani.

Ukipanda nayo Kitonga kuelekea Mbeya utaijua zaidi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni takriban asilimia 82 ya ile ya Kigamboni. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia upungufu huo. Feni haikusaidii mlimani, lakini pia haikuachi.

Na ushahidi upo. Niliuona chini ya mwarobaini wa gereji moja Ilala. Fundi alichomoa bomba linalopeleka hewa kwenye chujio, akaifunga feni kwa klipu mbili na kipande cha mpira wa baiskeli, akavuta waya hadi kwenye betri. Akashika tishu mbele yake. "Bosi, angalia." Swichi ikabonyezwa, feni ikalia kwa sauti nyembamba, tishu ikaruka mpaka kwenye rejeta. Bosi akazunguka mtaa, akarudi meno yote nje: "Fundi, inavuta!"

Ilikuwa inavuta kweli. Kando ya ndoo ya oili chafu lilitupwa chujio la zamani, limejaa vumbi jekundu hata mikunjo yake haionekani. Fundi alikuwa ameweka jipya, na plagi nne mpya juu yake, "kwa kuwa tumeshafungua." Hakuna aliyevitaja. Sifa zote zilikwenda kwa feni, na nadhani ilizistahili: bosi yule alikuwa amelivumilia chujio lile kwa muda mrefu, na hakuna kitabu cha gari kilichowahi kumfanya afungue boneti.

Kwa hiyo ukitaka kuinunua, nunua bila aibu. Waya wake uwe na fyuzi. Na mwambie fundi aifunge kabla ya chujio la hewa, kamwe isiwe baada yake, kwa sababu mapanga ni ya plastiki, na siku yakikatika ni heri yakwame kwenye karatasi ya chujio kuliko kuingia kwenye silinda.